Kizibo cha Kaaha

Kaaha hakuwahi kushika kalamu maishani mwake, lakini msharasi wa kutobolea na kufumia aliushika tangu meno ya utoto hayajamwisha. Mama yake, aliyekuwa mtu wa mkono wa kushoto, ndiye aliyemfundisha kusokota nyuzi za katani pori na kuzifuma ziwe haan, vile vyombo vya maziwa ambavyo mwanamke wa Kisomali huolewa navyo na kuzeeka navyo. Kwa ajili ya mafunzo hayo uzi wa Kaaha ulijipinda kushoto, ilhali nyuzi za wanawake wote wa Dadaab zilijipinda kulia. Wenzake walimtania kisimani kwamba haan yake hata ikiibwa ikafichwa Kismayu itajulikana tu, maana mwizi atajitetea vipi mbele ya uzi ule?

Chombo chake kikianza kuvuja hakukitupa. Alichokonoa ufa kwa msharasi mpaka ukawa msafi, akasokota uzi mnene, akaupaka gundi ya mti iliyochemshwa pamoja na mafuta ya kondoo na masizi, kisha akausukuma ndani ukakaa kama umezaliwa pale. Ilikuwa kazi ndogo, na hakuna aliyemsifu kwayo.

Mumewe, Nuh, alikuwa mchuuzi wa sukari, majani ya chai na nguo kati ya Garissa na Dadaab. Walianza maisha na ngamia ambao baba yake Kaaha alimpa binti yake siku ya harusi, na kwa miaka mingi ngamia hao ndio waliobeba mizigo. Uhuru ulipokuja, ofisa mmoja Mzungu alikuwa akifunga virago arudi kwao, na Nuh akalitamani gari lake. Lilikuwa gari jeupe lenye mlango wa nyuma na nafasi ya magunia. Ngamia wakauzwa wote. Kaaha hakuulizwa, aliambiwa. Alisimama uani akawatazama wakiswagwa. Jike mmoja aliyezoea kunywa maji mkononi mwake aligeuza shingo kumtafuta, na Kaaha akaangalia pembeni.

Gari lilipopata pancha ya kwanza, Nuh alilibandua tairi kwa vyuma, akatia mkono ndani kutafuta tyubu, akauzungusha mpaka ukarudi pale ulipoanzia. Tyubu haikuwepo. Alimwapiza yule Mzungu kwa jina lake na kwa jina la baba yake ambalo hakulijua, kwamba amemuuzia magurudumu matupu na tyubu ameondoka nazo melini. Habari zilienea mkahawani, na kwa muda mrefu kila aliyekutana na Nuh alimuuliza kama ile meli imesharudi.

Murithi, dereva wa serikali aliyetoka Meru, ndiye aliyewafumbua macho. Alicheka mpaka akaegemea boneti, kisha akachomoa kibati kidogo chini ya kiti. Ndani yake mlikuwa na chuma kikali kama tupa, sindano nene yenye jicho pana, kichupa cha gundi, na vipande vya kamba iliyonata. Tairi za namna hii hazina tyubu, alieleza. Ukichomwa na msumari unauchomoa, unakwaruza tundu, unaingiza kamba kwa sindano, unaichomoa sindano kwa nguvu, na kamba inabaki ndani kuwa kizibo. Kaaha, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alisema kwamba mbona hiyo ni haan. Tangu siku hiyo kibati kikawa chake. Nuh aliendesha, na Kaaha aliinama.

Aliinama miaka yote hiyo akidhani wanajenga nyumba moja. Mimba zilizomtangulia binti yake Maka hazikukaa, na zilizomfuata hazikukaa. Nuh alitaka watoto wa kiume. Akaenda Garissa akamwoa Raho, msichana wa mjini mwenye shingo ndefu, akamleta Dadaab ndani ya gari lile jeupe, amekaa kiti cha mbele, pale ambapo Kaaha hakuwahi kukaa kwa sababu siku zote palikuwa na mzigo. Siku hiyo, mbele ya wanawake waliokuwa kisimani, Kaaha alisema, "Ngamia wangu hawatamfikisha huyo kokote."

Alilisema neno hilo mara moja tu, machozi yakimlenga, na hakulirudia. Lakini wanawake wale walikuwa na masikio.

Kisha vita vikapamba moto. Walikuwepo waliotaka nchi yote ile iungane na Somalia, na serikali ikawaita shifta, yaani majambazi. Katikati yao walikuwepo watu kama Kaaha, ambao hakuna upande uliowauliza wanataka nini. Ngamia wa watu walipigwa risasi malishoni. Mwishowe familia zikakusanywa pamoja ndani ya kijiji kimoja kilichozungushiwa seng'enge na ua wa matawi ya miiba, na mtu akawa hatoki bila ruhusa. Maji yalikuwa ya kugawiwa alasiri, kopo kwa kopo. Halafu surua ikaingia. Ilianzia vibanda vya mwisho, ikawa inasogea kama mgeni anayebisha hodi mlango hadi mlango, na kila ilipokaribishwa, maziko.

Nuh akaomba ruhusa ya kwenda Garissa kwa kaka yake, Dagane. Ruhusa ilitolewa kwa watu watatu tu: mume, mke mmoja na mtoto mmoja. Karani aliyekuwa mezani, mtu wa kanisa kutoka bara, aliuliza mke ndiye nani, na Nuh akamtaja Raho, ambaye alikuwa mja mzito. Kaaha alipata habari hizo kwa Maka, na Maka alikuwa na miaka kumi. Hakumwomba Nuh chochote ila jambo moja: kwamba mtoto huyo atakayekwenda awe Maka kweli, wala nafasi yake isipewe ndugu wa Raho. Surua ilikuwa imefika banda la tatu kutoka lao. Nuh alikubali. Jioni ile Kaaha alichukua kopo lake la maji ya mgao akalimimina lote kwenye debe la safari, ili binti yake asipate kiu njiani.

Asubuhi ya kuondoka, gari lilikutwa limeinama upande mmoja. Tairi la nyuma lilikuwa chini kabisa.

Magari hayakuruhusiwa kusafiri peke yake. Yalikwenda kwa msafara, malori ya jeshi mbele na nyuma, na msafara ulikuwa umeshapanga mstari langoni. Atakayekosa leo, ruhusa yake imekufa. Nuh alikuja mpaka mlangoni kwa Kaaha, na kwa mara ya kwanza tangu harusi ile ya pili alimwita jina bila kuweka amri ndani yake.

"Kaaha. Njoo uone."

Alikuja. Tairi lilikuwa na msumari wa kupigilia mbao, umeingia mpaka kichwani. Alifungua kibati: zile kamba za dukani zilikuwa zimekauka kwa joto zikapukutika mikononi, na gundi ya kichupani imegeuka jiwe. Nuh alishika kichwa. Raho alikuwa ameshaketi garini na Maka nyuma yake, na watu waliobaki walisogea kutazama, maana ndani ya seng'enge hakuna sinema nyingine.

Angeweza kusema hana la kufanya. Hilo ndilo ambalo baadaye hakuna aliyelifikiria. Angeweza kurudi bandani akajilaza, gari likabaki pale, na mume, mke mwenza na mtoto wakabaki pamoja naye. Lakini alimtazama Maka kwenye kioo cha nyuma, akafuata mfuko wake wa kufumia.

Aliwasha vijiti, akalainisha gundi ya mti kwenye kigae, akaongeza masizi kuliko kawaida kwa sababu alijua njia ile ina joto. Aliung'oa msumari kwa koleo. Alikwaruza tundu kwa kile chuma cha tupa, akaingiza na kutoa, akaingiza na kutoa. Akasokota uzi wa katani mnene kama kidole cha mtoto, akaupaka gundi mpaka ukang'aa, akaupitisha kwenye jicho la sindano, akaukandamiza ndani kwa uzito wa kifua chake chote. Alipoichomoa sindano kwa ghafla, uzi ulibaki, umekunjamana ndani ya mpira. Nuh akapiga bomba. Tairi likanyanyuka, gari likasimama sawasawa. Kaaha akatema mate juu ya kizibo, akainamisha sikio. Hakuna povu, hakuna mlio.

Lakini hakusimama. Aliona namna gari lilivyokuwa limeegeshwa, ubavu mmoja umeingia kwenye ua wa miiba.

"Nipe kikombe kimoja cha maji," alimwambia Nuh. "Hapa pameziba. Nataka nililowanishe tairi zima nilizungushe, nione kama kuna pengine panapotoa povu."

"Msumari ulikuwa mmoja."

"Gari limelala kwenye miiba, Nuh."

Raho alichungulia dirishani. "Maji ni ya njiani," alisema. "Mtoto wako atakunywa nini, povu?"

Watu walicheka, na Nuh akacheka nao. Langoni lori la mbele likapiga honi.

"Kikombe kimoja tu," Kaaha alisema. "Na mengine humo ni yangu."

"Umeshaziba, inatosha," Nuh alimjibu, akiingia garini. "Usitafute jambo."

Kaaha alikwenda kwenye dirisha la nyuma. Alitaka kumshika Maka uso, lakini viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa gundi na mtoto alikuwa amevaa nguo safi, kwa hiyo alimgusa shavu kwa upande wa mkono, kwenye kifundo, mahali pasipokuwa na uchafu. Maka alikunja pua kwa ile harufu. Gari likaondoka. Hivyo ndivyo walivyoagana.

Habari zilirudi na msafara uliofuata. Walipopita mahali paitwapo Saretho, tairi lile lile la nyuma lilikwisha pumzi. Nuh aliendelea kuendesha kwa muda, mpira ukijitafuna, kwa sababu msafara haukumngojea mtu. Gari liliposhindwa kabisa, askari waliamuru watu wapande lori na gari liachwe. Nuh alikataa kuliacha. Alilikumbatia, walisema, kama mtu anavyokumbatia ngamia. Alipigwa kitako cha bunduki, akatupwa lorini pamoja na wengine, na siku chache baadaye akafariki Garissa nyumbani kwa kaka yake.

Kaaha alimlilia. Watu hawakutegemea hilo, lakini alimlilia, maana alikuwa amemjua tangu hana hata ndevu. Jirani mmoja alimpa kitambaa cheupe naye akakaa eda ndani ya banda lake. Alikuwa bado ndani ya eda maneno yalipomfikia. Ndugu wa marehemu, kwa desturi yao, humwoa mjane wa nduguye ili watoto wasitawanyike. Desturi hiyo huitwa dumaal. Dagane alitangaza kwamba atamwoa Raho akishajifungua. Juu ya Kaaha alisema, mbele ya wanaume waliotoka msikitini, kwamba hawezi kuuleta chini ya paa lake mkono ulioziba tairi lile. Si alisema mwenyewe kwamba ngamia wake hawatamfikisha Raho kokote? Aliwapa kizibo cha wivu, kikayeyuka njiani. Na Maka angebaki kwa baba yake mkubwa, na asionane na mwanamke huyo.

Watu walilipokea neno hilo kwa urahisi mkubwa. Wale wanawake wa kisimani wakakumbuka, na kila mmoja alikumbuka zaidi ya mwenzake. Walioona kwa macho yao akiomba maji walisema hawakuwa karibu. Wapo walioanza kuficha vyombo vyao asije akavishika.

Nalo lililomuumiza kuliko yote ni kwamba hata yeye hakuwa na hakika. Gundi ile aliipima kwa maziwa, na maziwa ni baridi. Hakuwahi kuipima kwa barabara ya adhuhuri. Siku moja alitoboa kipande cha ngozi ya ngamia, akakiziba vile vile, akakiweka juu ya bati juani. Akakaa kando yake mchana kutwa, akikibonyeza kwa kidole. Ililainika. Kidogo tu, lakini ililainika. Tangu hapo hakujitetea tena mbele ya mtu.

Vita vilipokwisha na lango likafunguliwa, Kaaha alipanda lori la mbuzi akaenda Garissa. Alijenga kibanda cha matawi na mikeka ukingoni mwa mji, akawa anafuma haan na kuziuza kwa watu ambao wengi hawakuwa tena na maziwa ya kutia ndani. Alimwona Maka mara chache, kwa mbali, akibeba mtoto wa Raho mgongoni. Mara moja walikutana uso kwa uso penye wauza kuni. Maka alijifunika shuka akageuka njia, kwa haraka, kama mtu aliyefundishwa.

Karibu na soko la mbuzi alikaa Jelle, mzee mwenye jicho moja bovu, ambaye alikata ndara kwa mpira wa matairi. Kaaha alimwendea siku moja kwa ajili ya nyayo zake zilizopasuka, akamkuta anagombana na kazi yake.

"Usikae karibu, mama," alisema Jelle. "Kisu leo kinaruka. Kuna kitu ndani ya mpira huu kimenikataa. Nimekivuta kwa koleo, nimekitukana kwa Kisomali na kwa Kiswahili, hakitoki."

Kaaha aliinama kutazama. Kwenye mgongo wa tairi, kati ya mistari iliyolika, palikuwa na kifundo cheusi, kigumu kama ukucha. Jelle alikuwa amekikwangua juu, na ndani yake nyuzi za katani zilionekana, zimejipinda kushoto.

Alikaa chini bila kuambiwa. Alikibonyeza kwa kidole gumba. Kilikuwa kimeshikana na mpira hata huwezi kusema kipi kinaishia wapi. Basi akaanza kulipapasa tairi polepole, nje na ndani, inchi kwa inchi, kama vile alivyotaka kulipapasa asubuhi ile kwa maji, na kabla vidole havijaenda mbali, kadiri ya urefu wa kutoka kiwiko hadi kiganja, kitu kikamchoma. Aligeuza upande wa ndani. Ncha ya mwiba ilikuwa imejitokeza, nyeusi, nyembamba. Kwa nje ulikuwa umekatika sawasawa na mpira, jicho lisingeuona. Maji yangeuona.

"Umelitoa wapi hili?"

"Waliniletea wachunga punda. Lilikuwa kwenye gari jeupe lililotelekezwa huko mbele ya Saretho. La yule marehemu Nuh, ndugu yake Dagane, ambaye mkewe..." Jelle alimtazama vizuri kwa jicho lake zima, akakiweka kisu chini.

"Malizia," alisema Kaaha. "Mkewe amefanyaje?"

"Watu wanasema mengi, mama."

"Wewe ni fundi wa mpira. Niambie wewe, pumzi ilitokea wapi?"

Jelle alilichukua tairi akalisogeza karibu na uso. Alipapasa kizibo, akapapasa mwiba, akarudi kwenye kizibo. Alisema kwa sauti ya chini, akitazama kisu chake.

"Hapa pa mwiba."

Kaaha hakulia. Alimwomba amkatie kile kipande chenye kizibo na mwiba pamoja, akibebe, na kwa mpira uliobaki wa tairi lile amtengenezee ndara za msichana. Mguu wa nani, aliuliza Jelle, mkubwa kiasi gani? Kaaha alitandaza kiganja, akaongeza vidole viwili, kama alivyoukumbuka. Malipo yalikuwa haan ndogo.

Kwa Dagane alifika asubuhi, wakati watu wanakunywa chai. Dagane alikuwa kwenye mkeka uani, Raho akipepeta mtama kando, na Maka amekaa mlangoni na mtoto. Kaaha aliwasalimu kwa amani ya Mwenyezi Mungu, na kwa sababu salamu hiyo haiwezi kukataliwa, walimjibu. Aliweka kile kipande cha mpira mbele ya shemeji yake, akamwonyesha: huu ni uzi wangu, unaujua, kila mtu anaujua, haujasogea. Na huu ni mwiba wa ua. Akaeleza habari ya kikombe cha maji, aliyeomba na aliyenyima.

Ungo wa Raho ulisimama hewani, kisha ukaendelea.

"Mimi sikumbuki maji," alisema Raho.

"Debe lilikuwa chini ya miguu yangu," alisema Maka kutoka mlangoni.

Wote waligeuka. Alikuwa hajasema kwa nguvu, na alisema kama mtu anayejisemea.

"Wewe ulikuwa umelala," Raho alimwambia.

"Sikulala. Baba alicheka."

"Maka," alisema Dagane, "ingia ndani."

Maka alisimama, lakini hakuingia. Dagane aliugeuza mpira, akautazama huku na huku. Hakuwa mtu mjinga. Kaaha aliona kwamba ameelewa, na akaona pia kwamba kuelewa hakukumsaidia.

"Nilishasema mbele ya watu," alisema hatimaye. "Unataka nikasimame pale msikitini niwaambie nilimsingizia mke wa ndugu yangu, kwa ajili ya kipande cha mpira?"

"Si kwa ajili ya mpira, shemeji. Kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto ana kwao." Aliusukuma ule mpira kwenye mkeka ukamrudia Kaaha. "Marehemu ameshazikwa. Mambo haya yameshazikwa naye. Kunywa chai uende."

Chai haikuletwa. Kaaha akakumbuka zile ndara, akazitoa ndani ya shuka. Hakumwomba mtu ruhusa. Alimwendea Maka pale mlangoni, akapiga magoti, akamvalisha moja. Kisigino kilibaki nje kabisa, juu ya vumbi. Alikuwa ameupimia mguu wa mtoto aliyeondoka Dadaab, na huu ulikuwa mguu mwingine.

Hakuna aliyecheka. Kaaha alichomoa uzi kwenye mfuko wake, akaushikilia kwenye kisigino, akaunyoosha mpaka ncha ya kidole gumba, akafunga fundo. Kipimo kilikuwa kimekwisha lakini mkono wake haukuondoka mguuni mara moja.

"Umekua," alisema.

"Bado unanuka gundi," alisema Maka.

Dagane alikohoa. "Ukimaliza kupima, nenda."

"Nitazileta."

"Uziache mlangoni."

Kaaha alirudi kwa Jelle na ule uzi ameuzungushia ngumi, fundo limo ndani ya kiganja. Jelle aliupima juu ya vipande vilivyobaki akatikisa kichwa. Mpira wa gari lile alikuwa ameumaliza. Watu waliupenda kwa wepesi wake. Alichobaki nacho ni mpira wa lori, na huo kwa msichana ni mzito kama kubeba jiwe kila mguu. Akakitazama kile kipande alichokuwa nacho Kaaha kwapani.

"Hicho kingetosha jozi," alisema. "Lakini hicho ni ushahidi wako."

Kaaha alikaa akakiangalia. Alikuwa amekibeba mpaka kwa mtu mmoja aliyepaswa kukiona, na mtu huyo alikiona. Hakukuwa na mwingine wa kumpelekea.

"Kata," alisema. "Ung'oe mwiba kwanza, usije ukamchoma."

Jelle aliung'oa kwa koleo, akautupa mbali, nyuma ya jiwe lake la kunolea. Kisha akaupanga uzi juu ya mpira, akaweka alama kwa makaa, na kisu kikafika karibu na kile kifundo cheusi.

"Na hiki kizibo?"

"Kiache," alisema Kaaha. "Hicho hakitoki."